Darasa Lililojibu "Mjomba"

Mimi ndiye mjomba mwenyewe, basi nisikilizeni mimi kwanza. Wengine wataisimulia habari hii na kuitia chumvi. Mimi nitaitia pilipili tu, maana miaka yangu mingi niliimaliza jikoni kwenye hoteli yangu ya wali huko Palembang, na mkono uliozoea pilipili hauwezi kuiacha.

Naitwa Zainir, wa ukoo wa Piliang, nilioupata kwa mama kama kila mtu wa hapa Koto Tinjau, ambako mashamba ya mpunga yamekatwa ngazi kwa ngazi mpaka kichwani mwa mlima. Nilikwenda ugenini kijana kama wanaume wetu wote, nikarudi na magoti mabovu. Nyumba sina. Nalala kwa mke wangu, ambako mimi ni mgeni wa kuheshimiwa, na nikitaka kufoka nakwenda kwa dada yangu, maana huko ndiko kwetu. Watoto wangu wana wajomba zao wa kuwaonya. Kazi yangu mimi ni watoto wa dada, na wa kwanza wao ni Desmawita, mwalimu wa historia na maarifa ya jamii katika shule ya hapa kijijini.

Huyu Wita nimemshika mkono tangu anatambaa. Aliporudi kutoka chuoni akasema atafundisha historia kwa simu na kompyuta, nilimwita nikamwambia, "Historia husikilizwa kwa wazee, haibonyezwi."

Akanijibu, "Wazee wenyewe, Mjomba, mkishashiba mnasinzia. Simu haisinzii."

Mpwa akikujibu hivyo utamfanya nini? Nilinuna kwa nje, lakini moyoni nilifurahi, kwa sababu ulimi ule ni wangu.

Basi akaanza. Darasa lake lote lilitawanyika kijijini na simu, wakapiga picha kila nyumba kubwa ya ukoo yenye paa lililopinda kama pembe za nyati, hata zile zilizoinama na kuliwa na mchwa. Kila nyumba walimkalisha bibi mwenye nyumba, wakamrekodi akitaja nani alimzaa nani, mama kwa mama, mpaka pale kumbukumbu inapokoma. Vyote wakavipachika kwenye ramani ya kijiji iliyoko mtandaoni. Ukibonyeza paa, sauti ya bibi inatoka. Ukibonyeza jina la ukoo, nyumba zote za ukoo huo zinawaka rangi moja.

Watoto waliokuwa wakipiga miayo kwa tarehe za vita vya Wadachi sasa waligombana njiani, nyumba ipi ilitangulia kujengwa, na nguzo yake ya kwanza ilikatwa msitu gani. Kijana mmoja fundi wa pikipiki, ambaye kila jioni alijipitisha mbele ya nyumba ya binti fulani, alibonyeza ramani akakuta yeye na binti ni wa ukoo mmoja. Ndugu hawaoani. Tangu siku hiyo anapita njia nyingine.

Na mimi nilibonyeza, nakiri, mlango ukiwa umefungwa. Nilibonyeza nyumba yetu. Ikatoka sauti ya dada yangu Rosmanidar, na jambo la kwanza alilosema lilikuwa, "Shika hiyo simu vizuri, mtoto, unanichukua pua."

Ramani ile ikachaguliwa. Shule chache tu za mkoa mzima ziliitwa kwenda kuonyesha kazi zao Padang, makao makuu ya mkoa, mbele ya watu wakubwa, na ya kwetu ilikuwa mojawapo. Kijiji kilivimba kwa majivuno. Mimi nilimwambia kila aliyeketi kwenye kibanda cha kahawa kwamba mwalimu huyo ni mpwa wangu, na waliokuwa wakijua niliwakumbusha.

Lakini kulikuwa na sharti moja. Kila darasa linalokwenda Padang lilitakiwa kwanza lifanye jaribio katika tovuti ya masomo ambayo makao yake ni Jakarta. Mada ilikuwa familia na jamii. Kitu chepesi, kila mtu alisema, hata kuku angefaulu.

Swali mojawapo liliuliza: katika familia, nani mwenye jukumu la kuwaongoza na kuwaonya watoto? Uchague kati ya baba, mjomba, jirani na polisi. Darasa zima likabonyeza mjomba. Swali jingine: nani kati ya hawa ni mgeni nyumbani? Baba, mama, bibi, au rafiki wa familia. Darasa zima likabonyeza baba. Nyumba hurithiwa na nani? Mabinti, wakasema wote, hata wavulana, tena bila kinyongo.

Mashine ikaona watoto wote wamekosea, na wamekosea sawasawa. Huko Jakarta waliifundisha kwamba darasa likikosea namna hiyo, watoto wamenakili. Majina yao yote yakageuka mekundu kwenye ukurasa wa darasa, na juu yake pakaandikwa UDANGANYIFU. Safari ya Padang ikasimamishwa. Jina la Wita nalo likatiwa alama, mwalimu aliyeruhusu wizi, mpaka afisa aje kuchunguza.

Mwalimu mkuu wetu, Bwana Bustamam, ni mtu mwema anayeogopa barua zenye mihuri. Yeye aligundua kwamba darasa linaruhusiwa kurudia jaribio kabla afisa hajafika, na wakipata majibu sahihi kesi inafutwa. Akamwambia Wita, "Waambie watoto wabonyeze baba, yaishe. Kubonyeza tu, hakuna anayeapa."

Wita alikuja kwa mama yake alasiri ile. Nilikuwepo, nakunywa kahawa yetu ya kuchemsha majani ya mbuni, kwenye kifuu cha nazi. Alikaa kwenye ngazi ya nyumba akatazama mashamba, na kwa Wita kunyamaza ni ugonjwa.

"Nani kakuudhi?" nikamwuliza.

Akanieleza yote. Nilisimama pale pale, kifuu kikamwagika. "Nakwenda Jakarta," nikasema. "Nitawauliza wao walizaliwa na nani, walizaliwa na ofisi?"

"Kwa magoti hayo, Mjomba?"

"Nitapanda basi."

"Utashuka choo cha kwanza na utasahaulika." Halafu akaacha utani. "Na mimi mwenyewe, unajua, nililijaribu swali lile kabla ya watoto. Nikabonyeza mjomba. Likakataa. Nikadhani kidole kimeteleza."

Rosmanidar, aliyekuwa ndani akikuna nazi, akacheka mpaka akasimamisha kazi. Mimi sikucheka. Nilimwuliza Wita anataka kufanya nini, maana ndiyo kazi yangu kuuliza.

"Bwana Bustamam anasema wabonyeze baba," akasema. "Wana haki ya kwenda Padang, Mjomba. Wamefanya kazi. Yule Yelni amepanda mpaka kwa bibi wa juu kabisa, mvua inanyesha, simu kaifunga kwenye jani la mgomba. Nikikataa, nawanyang'anya safari yao kwa ajili ya kiburi changu."

"Na ukikubali?"

Alifikiri. "Leo hawajadanganya," akasema polepole. "Wakirudia kwa kubonyeza wasichokiamini, hapo ndipo watakuwa wamedanganya. Na mwalimu wao ndiye atakuwa amewafundisha."

Nawaambieni, nimewahi kusifiwa kwa nyama niliyoipika na watu waliosafiri siku nzima kuja kuila, na sikupata kujisikia nilivyojisikia pale kwenye ngazi. Huyu ndiye mtoto niliyemshika mkono. Nilitaka kumwambia hivyo, badala yake nikamwambia achote kahawa nyingine, ile imemwagika.

"Basi usiwaambie kitu," nikasema. "Mwacha asili ni mtumwa. Afisa na aje. Mimi nitakaa darasani."

"Hutagomba?"

"Sitagomba."

"Apa."

Nikaapa, ingawa nilibakiza kipande kidogo kisichoapa.

Afisa akaja. Aliitwa Irfan, mtu wa makamo, shati limepigwa pasi, viatu vya mjini ambavyo matope yetu yaliviwahi kabla ya mwalimu mkuu kumsalimia. Nilikuwa nimejiandaa kumchukia, lakini alisalimia kwa adabu, akapokea kifuu cha kahawa kwa mikono miwili, akanywa yote. Hilo liliniudhi zaidi. Mtu unayetaka kumgombeza asiwe na adabu.

Alikaa mbele ya darasa na kompyuta yake. Mimi nilikaa nyuma kwenye dawati la mtoto, magoti yamegota kidevuni. Akaanza kuwaita mmoja mmoja.

"Jibu hili ulifundishwa na nani?"

"Na mjomba wangu," akasema wa kwanza.

Akaandika. Akaita wa pili. "Na wewe, nani kakufundisha?"

"Mjomba."

Wa tatu, mjomba. Wa nne akasema mama, na Bwana Irfan akainua kichwa kwa matumaini, lakini mtoto akaongeza, "Mama alisema nikamwulize mjomba."

Afisa akaacha kuandika. Akanitazama mimi nyuma kule. "Ni wewe, mzee? Wewe ndiye umewapa majibu?"

"Mimi ni mmoja wao tu," nikamwambia. "Wajomba tuko wengi, bwana. Ukitaka kutukamata, lete lori."

Wita alinikata jicho. Nikafunga mdomo.

Ndipo akaitwa Yelni, yule wa jani la mgomba, binti mwembamba mwenye sauti ya mnadi samaki. Alisimama wima, na kabla hajaulizwa akauliza yeye. "Samahani, Bwana Irfan. Ukoo wako ni upi?"

Bwana Bustamam alikohoa kikohozi cha onyo. Lakini swali lile si la utovu wa adabu. Kwetu mgeni akishakunywa anaulizwa ukoo, usipomwuliza unamdharau, na asubuhi ile woga ulitufanya sote tusahau.

Afisa akatabasamu. "Baba yangu ni mtu wa Bandung. Nimezaliwa Jakarta."

"Sikuuliza baba, Bwana," akasema Yelni. "Baba si mgeni?"

Darasa likacheka, na hata yeye akacheka kidogo, kisha kicheko kikamkauka. Akaizungusha ile kalamu yake vidoleni. "Mama alikuwa wa huku," akasema. "Upande wa Solok. Aliondoka msichana. Alifariki nikiwa mdogo kuliko ninyi, na baada ya hapo hakuna aliyenileta. Alikuwa akisema yeye ni Piliang. Sikujua ni jina la kijiji ama la nini. Nalikumbuka neno hilo tu."

Darasa zima likageuka kunitazama, hata wale watundu wa nyuma. Watoto walijua kabla yake kwamba hilo ni jina la ukoo, tena ukoo wangu.

Mimi nikainuka. Dawati likainuka pamoja nami, ikabidi wanichomoe. Mtasema ni bahati iliyotukutanisha, lakini koo zetu si nyingi, na zimeenea nyanda zote za juu. Angetaja ukoo mwingine, mimi ningebaki kwenye dawati na mjomba mwingine angeitwa kutoka shambani. Alitaja wa kwangu, basi zamu ikawa yangu.

"Wita," nikasema, "bonyeza."

Wita alikwisha kuelewa. Akaifungua ramani kwenye skrini kubwa, akabonyeza neno Piliang. Nyumba zikawaka nyekundu mlimani, moja chini kwenye mto, mbili karibu na msikiti, na ya kwetu pale juu. Akabonyeza ya kwetu. Ikaja sauti ya dada yangu na malalamiko yake ya kupigwa picha pua, watoto wakazuia vicheko, halafu akatulia akaanza kusema. Mimi ni Rosmanidar, binti wa Nuraya, binti wa Saibah, binti wa Upik Kanduang aliyekata msitu huu. Na mlango wa nyumba hii, akasema, haujapata kufungwa mbele ya mtoto wa mwanamke wa Piliang, hata akija amechelewa.

Maneno hayo aliyasema siku aliporekodiwa, kabla hatujamjua mtu anayeitwa Irfan. Kila bibi wa kila ukoo alisema la namna hiyo, ndivyo wanavyomaliza. Lakini yule bwana aliinamisha uso kwenye kiganja chake, na kwa muda tukawa tunaangalia utosi tu.

Nilifika mbele. Yale maneno yote niliyoyapanga tangu alfajiri, ya kuwauliza walizaliwa na ofisi, sikuyaona tena. "Irfan," nikamwita, na ule ubwana nikauacha nyuma kwenye dawati. "Mama yako ni dada yangu, kwa hesabu ya huku. Kwa hiyo jukumu la kukuonya ni langu, nami nimechelewa. Hawa akina Yelni, walio Piliang kama wewe, ni watoto wa dada zako. Umekuja umewaita wezi."

"Mashine ndiyo iliyowaita, mzee."

"Mashine haina mjomba. Wewe unaye."

Akatikisa kichwa kukubali. Halafu akamwomba Wita amfungulie lile jaribio. Akaandika jina lake mwenyewe, Irfan, akalisoma swali la kwanza kama mtu asiyepata kuliona, na yeye ndiye aliyekuwa akilisahihishia shule zote hizi. Nilikuwa begani kwake. Niliona kidole kikienda kwenye baba kikasita.

"Baba yangu alinilea vizuri," akasema, si kwetu hasa.

"Hakuna anayesema hakukulea," akajibu Wita. "Wazee wetu husema mwana mpakate, mpwa mshike mkono. Kila mwanamume hapa ni baba kwa mkewe na mjomba kwa dada yake, ana paja na ana mkono. Mtoto wa Bandung akibonyeza baba, yuko sahihi. Hawa wakibonyeza mjomba, wako sahihi pia. Swali lenu ndilo halina nafasi ya wote wawili. Mimi nafundisha watoto kuuliza watu wanaishije, Bwana Irfan, kisha linakuja jaribio la kuwaambia wanaishi vibaya."

Alilisema hilo kwa sauti ya chini, bila kutetemeka, mbele ya afisa, mwalimu mkuu na alama nyekundu juu ya jina lake. Mimi nilifundishwa kwamba mwanamume hajisifu kwa mtoto wa nyumba yake mbele ya wageni. Siku ile nilijisifu kwa uso mzima, na Bustamam ni shahidi.

Kidole kikahama. Akabonyeza mjomba. Akaendelea, mgeni nyumbani akabonyeza baba, mrithi wa nyumba akabonyeza mabinti. Mashine haina subira wala haya. Palepale ikalia, ikaandika jibu si sahihi, si sahihi, si sahihi, na kwenye ukurasa wa darasa, chini ya majina ya watoto, likajiongeza jina lake, jekundu kama ya wenzake.

Yelni alikuwa bado amesimama, maana hakuna aliyemwambia akae. "Mjomba," akamwita Irfan hivyo kwa mara ya kwanza. "Na wewe umenakili kwa nani?"

Bwana mkubwa yule alitazama skrini, zile nyumba zikiwa bado zinawaka pembeni.

"Kwa mama," akasema.

Aliandika taarifa yake papo hapo, akitusomea kila mstari: darasa halikudanganya, kosa ni la swali, swali litaandikwa upya na watu wa kila upande wataulizwa kwanza, na Padang watoto waende. Kisha akaanza kuyasafisha majina. Kila alipobonyeza, jekundu likawa jeusi, na mwenye jina akapigiwa makofi kama bwana harusi. La Wita lilifika, makofi yakazidi, na mpwa wangu akajifanya anatafuta chaki.

La mwisho lilikuwa lake mwenyewe. Hilo hakuligusa. Aliifunga kompyuta, akaniuliza kwa dada yangu ni njia ipi, na mpaka leo ukiufungua ukurasa wa darasa la Wita utalikuta pale chini, jekundu.